Maji ya Kunwa

Kumi na nne, tulihesabiwa Nizwa asubuhi,
Dilmurad dereva, Mbalushi wa masharubu ya mafuta,
akiyatafuna majina yetu kama wali wenye mchanga:
Mwanakombo. Shaame. Faki. Bi Mize wa Ng'ombeni.
Mimi mweka hazina natia alama
kwa kalamu ileile iliyoandika, miaka mitatu,
elfu tano tano za kila Ijumaa.

Ngome tulishaiona. Tukaoneshwa tundu
walilomwagia adui asali ya tende, ya moto.
Faki akauliza: haikuwa israfu?
Tukaona mbuzi wakizungushwa sokoni
na wanunuzi wamechuchumaa, wanawapapasa mbavu.
Al Hamra, nyumba za udongo, ghorofa juu ya ghorofa,
hamna mtu ndani. Madirisha yamebaki wazi
kama mdomo wa aliyekatizwa maneno.
Shaame alipiga picha mia moja na kumi.
Mlango mmoja alioupiga ulikuwa na kufuli jipya.

Kisha Misfah, juu, kijiji kilichobanwa na jabali
hata hujui ukuta unaishia wapi na mwamba unaanzia wapi.
Ngazi, ngazi, ngazi. Magoti ya Bi Mize yakalia kama bawaba.
Chini ya mitende, migomba!
Migomba ya haki, majani yamechanika kwa upepo,
na sisi tuliotoka Pemba kuja kushangaa
tukasimama kushangaa migomba.

Falaji inapita hapo, mfereji upana wa mkeka wa kuswalia,
maji mepesi, yana haraka yake.
Bi Mize hakuuliza mtu. Alivua viatu,
akakunja baibui, akatumbukiza miguu yote miwili,
akasema Alhamdulillahi kwa sauti ya mtu aliyelipwa deni.

"Toani maguu nyiye! Maji ya kunwa hayo!"

Tulitazama juu. Sauti ilitoka mtendeni:
mwanamume kwenye kamba, kanzu kaifunga kiunoni,
mkononi kichala cha maua ya mtende dume.
Kipemba. Si Kiswahili cha redio, Kipemba,
kile cha kuitana ng'ambo ya konde.
Bi Mize akatoa miguu kama mtoto aliyefumwa.

Akateremka. Jina lake Zahran. Pemba hajafika,
wala bahari hajaipenda, inamtia kichefuchefu.
Bibi yake alizaliwa Wete, akalelewa naye hapa,
na lugha yake imesimama mwaka ule bibi alipopanda meli.
Akauliza: "Motokari yenu mmeiweka wapi?"
Akauliza: "Pishi ya mchele siku hizi rupia ngapi?"
Simu yake ikalia kifuani; akajibu kwa Kiarabu, akaizima,
akaishika mbele yetu: "Hii nyiye mwaitaje?"
Simu, tukasema.
"Simu si ile ya posta? Ya habari ya msiba?"

Hakuna aliyecheka. Mwanakombo alitaka, akajizuia.

Faki, mwenye maneno, akamwambia njoo kwetu,
uone mvua inayokaa siku tatu kama mgeni.
Zahran akatazama kijiti kilichosimamishwa kwenye uwanja,
na kivuli chake kilipofika.
"N'ende, na maji atayageuza nani?
Zamu yangu hii."
Akainama, akang'oa jiwe na tambara,
akaziba huku, akafungua kule,
na mfereji mzima ukatuacha, ukaenda shambani kwake.

Garini Dilmurad alihesabu: kumi na tatu.
Nilimkuta Bi Mize kule juu, maji yanakoingilia kijijini,
viganja vimejaa, anakunywa polepole.
"Nikamwambie nani nimeyanawia miguu tu," akasema,
na akaniomba kofia ya chupa akayatie ya mjukuu.
Kwenye daftari: ngome, riali tano kila mtu.
Makumbusho, mbili.
Misfah nimeacha mstari.